Waya Alioukata Mama Plagi

Saa moja asubuhi Mama Plagi amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji iliyolowa mafuta. Ana plagi mbili za injini ya boti mkononi, anazigeuza kwenye mwanga wa mlango. Moja ina rangi ya chai ya maziwa. Nyingine ni nyeusi, imelowa kama pua ya mbwa.

"Oili imezidi kwenye petroli," anasema bila kumtazama mwenye injini. "Unachanganya kwa kipimo au kwa macho?"

"Kwa uzoefu, mama."

"Uzoefu wako unatoa moshi."

Mwenye injini anacheka, kisha anashusha sauti. "Na ule waya wa kamba nikatie tu. Kibanio kimepotea, na dukani wanataka ninunue swichi nzima."

"Sikati."

"Mbona jirani yangu ulimkatia?"

Hapo fundi huyu, ambaye mdomo wake unajulikana kivuko kizima, anainama kutafuta spana. Spana ameishika mkononi.

Asiyepanda boti hizi ndogo huenda hajui kamba hiyo ni nini. Ni kamba nyekundu. Upande mmoja nahodha huifunga mkononi, na upande wa pili una kibanio cha plastiki kinachokaa kwenye swichi ya injini. Nahodha akianguka majini, kibanio kinachomoka na injini inazimika palepale. Lakini swichi ikioza au kibanio kikipotea, injini haiwaki, au inazimika katikati ya maji. Ndipo mafundi wanapokata waya wa swichi hiyo. Injini inawaka vizuri, ila haizimiki tena kwa swichi. Inazimwa kwa kuvuta choki, kitasa cha kuibana hewa, ikohoe mara mbili tatu ndipo ife.

"Nikisikia injini inakufa kwa kukohoa, najua huo ni mkono wangu," anasema. "Nimekata nyaya kumi na moja. Kumi waliniomba wenyewe. Wa kumi na moja sikumwambia."

Ana miaka arobaini na sita. Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza pampu za maji. Injini moja humpa elfu kumi na tano, na wiki nzuri ina injini nne. Vipuri ndiyo kilio chake. Raba ya pampu, sili, gasketi, vingi anavipata kwa kuchinja injini moja ili nyingine ipone. Dukani ukiagiza, utasubiri mpaka usahau uliagiza nini.

"Lakini usije ukaandika kwamba shida ndiyo ilinikatisha waya," anaonya. "Watoto wangu siku hiyo walikuwa wameshiba. Ulikuwa uvivu, na kupenda kuitwa fundi asiyeshindwa."

Huyo wa kumi na moja ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, mvushaji abiria. Utani wao ulikuwa burudani ya kivuko. "Shemeji," alikuwa akimwambia mbele za watu, "mdogo wako nilimuoa kwa sura. Wewe ningekuoa kwa spana." Naye Mama Plagi humjibu, "Mimi sioi wala siolewi na mtu asiyejua kubadilisha plagi."

Mwaka jana injini ya shemeji ilikuwa inazimika yenyewe katikati ya maji. Mama Plagi akaona swichi imeliwa na kutu. Shemeji alikuwa na abiria wa asubuhi. Fundi akaukata waya, akaufunga ncha kwa utepe wa bluu, akarudisha kifuniko.

"Imepona," akamwambia. "Kitufe cha kuzimia kimechoka, tumia choki mpaka nipate kingine."

Hakumwambia kwamba kitufe na kamba hutumia waya uleule. Shemeji akaendelea kuifunga kamba yake kila asubuhi, maana ni mtu wa utaratibu. Swichi nyingine Mama Plagi hakuiagiza. Kesho, kesho, mpaka ikamtoka kichwani.

Miezi tisa iliyopita wimbi la boti kubwa lilimrusha shemeji majini. Injini haikuzimika. Boti ikazunguka peke yake, ikamrudia. Abiria mmoja alipoifikia choki, propela ilikuwa imeshachukua mguu wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo.

Hospitalini shemeji aliapa kwamba kamba alifunga. Wenzake walimjibu jibu moja: "Ungeifunga, injini ingezimika." Walilisema kwa upole mwanzoni, baadaye kwa kicheko. Kamba yenyewe ilipotelea majini. Mwisho naye akakubali. Akawa anawaambia wanaokuja kumwona, "Uzembe wangu. Nilisahau kufunga."

Mama Plagi alikuwa pale pale, ameshika kikombe cha uji.

"Nilimpelekea uji kila siku. Mdogo wangu ananiambia, dada, bila wewe tungekuwa wapi? Nikajiona kama mwizi anayeshukuriwa kwa kusaidia kumtafuta mwizi."

Alinyamaza miezi saba. Kisha mdogo wake akaja karakanani na injini ileile kwenye mkokoteni.

"Dada, sasa nitaendesha mimi," akasema. "Yeye atakaa mbele ananielekeza. Iangalie kama ulivyoiangalia ile mara ya mwisho."

Kama ulivyoiangalia. Mama Plagi alifungua kifuniko, na utepe wa bluu ulikuwa bado unamtazama. Jioni hiyo alikwenda kwao. Shemeji alikuwa kwenye benchi, mguu juu ya kigoda.

"Karibu, shemeji! Umekuja kuniposa? Mimi sasa ni nusu bei."

Hakucheka. "Shemeji, kamba ulifunga."

"Nini?"

"Ulifunga. Waya niliukata mimi, sikukwambia."

Mdogo wake aliweka sufuria chini bila kutafuta pa kuiweka, ikamwagika. Shemeji aliuliza mara tatu, "Nilifunga?" Kila mara aliitikiwa. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Miezi saba najiita mpumbavu," akasema. "Haya. Asante kwa kuja, fundi."

Tangu siku hiyo hajamwita shemeji.

Siku ya pili yake Mama Plagi alisimama mahali boti zinapofungwa, watu wakiwa wengi, akarudia maneno yaleyale. Wapo waliomtukana. Wapo waliohamisha injini zao. Kisha akaenda kwa muuza vyuma chakavu, na kwenye ndoo ya takataka akakuta swichi tatu nzima. Alizipata kwa bei ya soda. Vibanio anavichonga mwenyewe kwa tupa, kutoka kwenye plastiki ngumu.

"Kibanio kimoja ni nusu saa," anasema. "Mguu wa mtu ulikuwa nusu saa."

Kati ya injini kumi na moja ameshaunganisha tisa, bila malipo. Mwenye injini wa asubuhi hii naye anaondoka na kibanio kipya, akinung'unika. Mama Plagi anamfuata hadi mlangoni: "Nung'unika ukiwa na miguu miwili."

Na wewe mzazi, kabla mwanao hajakanyaga boti, mwambie nahodha aivute kamba hiyo nyekundu. Injini ikiendelea kunguruma, mshushe mtoto. Usione haya. Haya ndiyo iliyomchelewesha fundi huyu miezi saba.

Saa nne shemeji anaingia kwa magongo, mkewe nyuma yake. Injini yao imefungwa kwenye pipa la maji kwa majaribio, na ndani yake swichi kutoka kwenye ile ndoo. Hakuna anayesalimia kwa utani. Shemeji anachukua kamba nyekundu, anaikagua, anamfunga mkewe mkononi yeye mwenyewe, mafundo mawili.

Mama Plagi anavuta kamba ya kuwashia. Injini inanguruma, maji yanaruka kwenye pipa. Mkewe anarudisha mkono nyuma kwa nguvu. Kibanio kinachomoka, injini inanyamaza papo hapo, bila kikohozi.

"Tena, fundi," shemeji anasema.

Fundi anawasha tena. Mara ya tatu. Mara ya tano. Jasho linamtiririka.

Mapema asubuhi, alipoulizwa anatumaini nini, Mama Plagi alijibu: "Aniite shemeji? Hilo siwezi kuliomba. Naomba tu siku nikikosea tena, niseme kabla jua halijazama."

"Tena," anasema shemeji, na safari hii haongezi neno fundi.

Mama Plagi anaishika kamba ya kuwashia kwa mikono miwili na kuvuta.