Nilivyogombana na mtu wa Kilema kwa Kiingereza cha adabu, mama yake akatupatanisha

Wakuu, mko poa?

Naanza na gharama kabisa, ili asiyependa hasara arudi mapema.

Jambo hili lilinigharimu mkungu mmoja wa ndizi mshare, galoni ya pombe ya mbege, Jumapili nzima ya biashara, na aibu mbele ya watu wa Brazil. Nimehesabu mara mbili. Nilichopata mtakipima wenyewe, muone kama nilipiga au nilipigwa.

Chumvi sijaweka. Hata chumvi yenyewe inauzwa.

Ni miaka ile internet café zinaanza kuzoeleka Moshi mjini. Unalipia nusu saa, page moja inafunguka taratibu kama mtu anayehesabu chenji asiyotaka kuitoa.

Mimi kwetu ni Kwa Sadala, Machame, ila nilipanga chumba Rau, na biashara yangu ilikuwa chini, juu ya turubai, karibu na stendi. Nauza makoti ya baridi, viatu vya mlimani na soksi za sufu. Mzungu akishuka mlimani anamwachia mpagazi, mpagazi ananiuzia mimi, mimi namuuzia mzungu anayepanda. Kuna pea moja ya soksi ilipanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko guide mgeni kazini.

Tatizo mgambo. Wakija, unakusanya turubai na kukimbia, na ukichelewa wanabeba mzigo wote. Mwaka ule walishanibebea, nikaanza upya kwa koti moja.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kukodisha vifaa vya mlimani. Alikuwa anatafuta mtu wa kaunta. Nikaenda kujieleza. Akanisikiliza, akacheka.

"Mdomo unao kijana, sikatai. Ila Kiingereza chako kinaishia kwenye my friend, good price. Njoo Pasaka ikipita. Nitakuweka na mgeni. Ukimhudumia mwanzo mwisho bila kuniita, kaunta ni yako. Ukiniita, nampa mpwa wangu."

Kaunta, wakuu. Yenye bati juu. Mgambo hawakimbizi mtu mwenye bati juu.

Kozi ya Kiingereza sikuwa na hela yake. Jamaa wa café akanionyesha group moja la mtandaoni la wapenda Kiingereza. Wabrazil, Wakorea, Wapoland, na Watanzania wachache. Unaandika, wenzako wanakusahihisha. Bure. Nilimuuliza mara mbili kama ni bure kweli.

Moderator alikuwa mwalimu mstaafu wa Sri Lanka, na sheria yake ilikuwa moja: matusi marufuku.

Basi watu wakawa wanatukanana kwa adabu. Mtu anakwambia "asante kwa mchango wako wa kuvutia" na unalala unawaza. Mpoland na Mkorea walizozana wiki nzima kuhusu alama ya mkato, kila barua inaanza na "rafiki yangu mpendwa", na ukiisoma unasikia meno yakisagana.

Mimi mambo hayo sikuyaogopa. Sokoni hakuna anayesema anachomaanisha. Mteja akisema koti lina doa, maana yake amelipenda.

Siku moja nikaandika kisa changu: navyopatana bei na mzungu asubuhi, mlima umetoa kichwa nje ya mawingu, harufu ya kahawa inachomwa jirani. Kirefu, na nilikipenda.

Akanijibu mwanamke aliyejiita Snowline. Wasifu wake ulisema amezaliwa Kilema, huku huku mlimani, yuko Uingereza, anatunza wazee. Akasahihisha kila mstari, kazi safi kabisa. Mwisho akaandika, nawatafsiria: "Kwa mtu wa barabarani, Kiingereza hiki kinatosha."

Kinatosha.

Nikakipima hicho kimaneno, nikakigeuza, nikakipima tena. Angekuwa Mkorea ningemeza. Lakini mtu wa Kilema! Mlima mmoja, ananivua nguo mbele ya Wabrazil!

Nikajibu: "Asante sana dada. Naona huko Ulaya una muda mwingi usio na kazi."

Yeye: "Muda ninao kwa wanaohitaji msaada zaidi."

Mimi: "Nafurahi umekumbuka kuna watu huku nyumbani."

Hilo la mwisho lilimchoma, nikaliona. Kesho yake akarudi na aya ndefu, tamu kama asali ya kuchomea mtu. Group likagawanyika. Wabrazil upande wangu, Mpoland upande wake. Hakuna tena anayesahihisha kazi ya mtu, watu ni kurushiana vijembe tu.

Yule mwalimu akatuandikia wote wawili: mpatane kabla ya Jumatatu, la sivyo nawatoa.

Pasaka imebaki wiki tatu. Nikitolewa, nabaki na my friend, good price, mpwa anakaa kwenye kaunta.

Nikakaa mbele ya kompyuta nikafikiria. Sorry ya Kiingereza pale ilishatumika mpaka imechakaa, kila mtu anaitanguliza kabla ya kukuchoma. Basi nikaandika mbele ya group zima: "Dada, nakuwekea isale mezani."

Kwa msiotoka mlimani: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu unapeleka jani lake. Akiletewa isale hakatai, hata kama mmegombania kihamba, shamba la ukoo, tangu enzi za babu. Kulikataa ni kujitafutia balaa.

Wabrazil wakauliza hicho ni kitu gani. Mpoland akasema hakipo kwenye kamusi.

Snowline akaniandikia pembeni, kwa Kiswahili, mara ya kwanza: "Isale la kwenye screen halipokelewi. Mama yangu yupo Kilema. Mpelekee la kweli. Jumapili baada ya misa nampigia kupitia simu ya jirani. Akiniambia amepokea, nimepokea. Naitwa Felista."

Wakuu, hapo ndipo hasara ilipoanza kutembea.

Jumapili nikapanda Kilema na mkungu begani na galoni mkononi. Jani la isale nilikuwa nimelitia kwenye mfuko wa rambo, pamoja na vitunguu nilivyomnunulia mama wa watu.

Nikaelekezwa mpaka kihambani. Nikamkuta anatoka kanisani, kanga safi, macho yana ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nikajieleza. Akasikia Machame.

"Machame? Mtu wa Machame ameniletea ndizi bila kuuza?" Akashika mkungu, akaupapasa wote. "Haya. Na hiki?"

Nikatoa isale. Lilikuwa limekunjamana na linanuka kitunguu.

"Yesu na Maria. Isale kwenye rambo? Na umelileta mwenyewe? Huna mtu mzima wa kukusemea?"

Hapo nikagundua kosa. Isale hulipeleki mwenyewe kama barua, unasemewa na mkubwa. Mimi mtoto wa stendi nilijua jani tu, utaratibu sikuujua.

Akamwita jirani, Mzee Aloyce, ndiye mwenye simu. "Meku," akamwita, kama tunavyowaita wazee mlimani, "njoo umsemee huyu mtoto, hana mtu." Mzee akaiangalia galoni ya mbege kwanza, kisha akakubali kuwa baba yangu kwa muda. Akanichumia isale jingine pale mpakani, akalifunga fundo, tukakaa.

"Mligombania wapi na Felista?" mama akauliza.

"Kwenye kompyuta, mama."

"Nani alikuwepo?"

"Wabrazil. Na Mpoland."

Mzee Aloyce akatikisa kichwa, kana kwamba Wapoland anawajua tangu zamani.

"Alikutukana nini?"

"Alisema Kiingereza changu kinatosha."

Mzee akaweka kibuyu chake cha mbege chini. "Sasa hapo tusi liko wapi?"

Lakini mama alishacheka. "Meku, huelewi. Ni kama jirani apite akuambie, naona migomba yako inajitahidi."

"Aah!" Mzee akakunja uso. "Hilo ni tusi kubwa."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia lile la kukumbuka watu wa nyumbani. Mama hakucheka. Akalishika lile jani, akalipapasa fundo.

"Mwanangu hajarudi tangu ameondoka," akasema. "Makaratasi yake hayajakamilika. Akitoka hawamruhusu kuingia tena, na hapa tunakula kwa mkono wake. Baba yake tumemzika hayupo."

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno. Pale nikachukua galoni, nikamjazia Mzee kibuyu.

Simu ikalia. Mama akapokea: "Amekuja. Ameleta na ndizi. Isale nimelipokea. Yameisha." Akanikabidhi.

Kichagga cha Kilema na cha kwetu haviendani vizuri, tukakutana kwenye Kiswahili.

"Pole kaka," Felista akasema. "Uliandika vizuri sana. Mlima, harufu ya kahawa. Nilikuwa nimetoka shift ya usiku, nikasoma, nikakuonea wivu mpaka nikataka kukuumiza."

Nikamwambia pole na mimi. Mama akatupakulia mtori wa ndizi.

Mwalimu akatubakiza kwenye group, na kuanzia Jumatatu Felista akawa ananiandikia kila siku kama mteja. Leo ni Mwingereza mbishi anayetaka kiatu kikubwa zaidi, kesho ni Mjerumani anayedai sleeping bag inanuka. Mimi najibu, yeye anasahihisha, baada ya shift, macho yake yamechoka. Wiki tatu nzima hakukosa.

Pasaka ikapita. Mama wa duka akaniletea mgeni, mzee wa Kimarekani mwenye maswali mengi kuliko polisi. Felista alikuwa amenitesa zaidi yake. Sikumwita mwenye duka. Mpwa yupo, anaendelea vizuri, anauza vocha.

Kaunta ile nipo mpaka leo. Nimeoa, nimejenga chumba na sebule, watoto wanasoma. Kila mwaka namuuliza Felista nimlipe nini. Anajibu, "Mpelekee mama ndizi tu." Napeleka. Mzee Aloyce naye hajawahi kukosea siku ya galoni.

Sasa wakuu, ushauri ninaouomba ni huu.

Makaratasi yake yametoka. Anakuja Krismasi hii, uwanja wa ndege wa KIA, ndege ya usiku. Mimi ndiye nitampeleka mama yake kumpokea.

Mama macho hayaoni tena zaidi ya hatua chache. Mimi sura ya Felista siijui. Picha zote za kihambani ni za binti wa shule mwenye nywele fupi, na yeye hajawahi kutuma mpya.

Najua mtaniambia nishike karatasi yenye jina, kama wanavyofanya wa makampuni ya utalii. Nimemwambia mama hivyo. Amekataa katakata. Anasema binti yake si mtalii.

Kwa hiyo nyinyi mliowahi kupokea mtu pale, nishaurini: tusimame wapi?