Mapambo Juu ya Bendera

Ilitangazwa rasmi, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa soko la Kitale, mahali ambapo kwa kawaida hubandikwa picha za ng'ombe waliopotea, kwamba kuanzia Agosti 2006 hakuna shabiki wa timu ya ugenini atakayesafiri akiwa amelewa, akiwa amebeba pombe, akiwa amebeba chupa, mtungi, debe, kopo au chombo chochote cha kuwekea pombe, ama akiwa na nia ya kunywa pombe. Kamati ya Nidhamu ya Ligi ya Mlimani, iliyotoa amri hiyo, haikueleza nia hupekuliwa kwenye mfuko gani. Ilieleza tu kwamba fimbo na mipini ya mifagio nayo imepigwa marufuku, kwa sababu mlevi huigeuza silaha. Tena kila kundi la mashabiki litakuwa na Msimamizi wa Kiasi, mtu anayejulikana mjini kuwa hanywi, atakayemnusa kila abiria kabla ya gari kuondoka, na kumnusa tena kabla ya kuingia uwanjani. Akipatikana mlevi hata mmoja, kundi zima litafungiwa msimu wote, na msimamizi wake pamoja nalo.

Mashabiki wa Magunia FC walikutana kwenye stoo ya mahindi iliyoipa timu jina, wakatafuta mtu asiyekunywa. Mwishowe mmoja akamkumbuka fundi.

Fundi alikuwa Abdinasir, mshonaji wa barazani karibu na msikiti, ambaye siku za kazi alishona sare za shule na usiku wa kuamkia mechi alishona bendera za Magunia, manjano na kahawia, bila mtu kumwambia. Alizaliwa Kitale, akakulia Kitale, na maisha yake yote yalikuwa kati ya cherehani, msikiti na uwanja. Mechi za nyumbani hakukosa. Za ugenini hakuwahi kuona hata moja. Bendera zake zilikuwa zimefika Webuye, Kakamega na Bungoma. Yeye mwenyewe habari za huko alizipata Jumapili kutoka kwa Mbugua, mwenyekiti wa mashabiki, muuza viazi mwenye kifua kipana na heshima ndogo kwa ukweli. Bao la Mbugua lilianza kwa kipa, likapita kwa wachezaji wote, likamzungusha beki hadi akakaa chini, kisha likafungwa kwa kichwa. Ilikuwa hivyo hata siku ambazo Magunia walifungwa matatu bila.

Kilichomzuia Abdinasir kusafiri kilikuwa mkewe, Suad, binti wa Bungoma, aliyelelewa nyumba ya pili kutoka reli. Alikuwa na sababu moja na hakuwahi kuibadilisha maneno. "Bendera zako zikisafiri na wale watu zinarudi zinanuka. Bendera nitafua. Wewe nitakufua na nini?"

Kwa hiyo siku aliyochaguliwa, Abdinasir alifika nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango na serikali yenyewe.

"Mama Leila, safari hii ni amri. Hakuna mlevi. Mimi mwenyewe ndiye nitanusa."

"Wewe?" Suad aliacha kuchambua mchele. "Si juzi umeniambia maziwa ni mazima, nikaweka motoni yakakatika?"

"Juzi nilikuwa na mafua."

"Na samaki wa mwezi wa Ramadhani, pia alikuwa mafua?"

Yule samaki hakuwa na utetezi.

"Haya, nenda," Suad alisema. "Unataka sana, naona. Lakini sikia, Baba Leila. Nikinusa kitu kwako, hata cha kijiko, mambo ya ugenini yameisha. Utakuwa ukitazama watoto wakipiga mpira wa makaratasi hapo nje."

Mechi ilikuwa Jumamosi, Bungoma, na likabaki tatizo la bendera. Miaka yote zilifungwa kwenye mipini ya mifagio, na mipini sasa ilikuwa silaha. Alhamisi, Mbugua akaja barazani na mzigo begani, akautua juu ya meza ya kukatia nguo.

"Fundi, nimekutolea hizi kule Naitiri. Ona. Nyepesi kama nini! Hata ukimpiga nayo mtu atacheka."

Zilikuwa fimbo nyembamba kumi na nne, ndefu kuliko mtu, zilizonyooka na kung'aa kwa kushikwashikwa miaka mingi. Zilikuwa na tundu katikati mwanzo hadi mwisho. Na kwenye ncha moja ya kila fimbo palikuwa na kijikapu kilichofumwa kwa ustadi, kirefu kama kidole.

"Na hii hapa ni nini?" Abdinasir aliuliza, akikigeuzageuza.

Mbugua alitazama barabarani. "Si ni mapambo, bana."

Mtu wa Bungoma hapa hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: busaa, pombe ya wimbi na mahindi, inayonyweka kwa heshima haimiminwi. Huwekwa mtungini katikati ya watu, ikiwa vuguvugu, na kila mmoja hukaa na mrija wake mrefu unaofika mtungini, wenye kichungio chini ili makapi ya wimbi yasipande. Mtungi ni wa mwenyeji. Mrija mgeni huja nao. Shemeji yake Mbugua, Khaemba, aliyekuwa na nyumba karibu na uwanja wa Bungoma, alikwisha kupiga simu na kusema mtungi upo, mkubwa, lakini mirija yake ni ya ukoo na haiazimwi kwa watu wa Kitale. Mbugua akalisoma tangazo la kamati mara tatu, kwa makini ambayo mwaka uliotangulia hakuipa rasimu ya katiba. Lilikataza chombo cha kuwekea pombe. Mrija hauweki pombe. Unaipitisha tu.

Abdinasir hakujua lolote kati ya hayo. Alijua kuna busaa, kama anavyojua kuna theluji, lakini ile aliyowahi kuipitia mbali mitaani Kitale ilinywewa kwa kopo, na akilini mwake pombe na kopo vilikuwa kitu kimoja. Alichokiona mezani kilikuwa kazi ya mikono ya watu wenye subira, na fundi humtambua fundi. Kijikapu kile, akaona, kilikuwa na umbo la hindi bichi. Basi akakizungushia nyuzi za manjano zining'inie kama ndevu za hindi, akazifunga bendera kwenye fimbo, mahindi yakiwa juu angani. Mashabiki walipoziona Jumamosi asubuhi, watu wazima waliuma midomo wasicheke. Wengine walilazimika kwenda nyuma ya lori.

Kazi ya kunusa aliifanya kwa utaratibu wa mtu anayepima kiuno. Alikuwa amefikiria neno la kumtoa mtu pumzi, na kila aliyepanda lori alitakiwa kulitamka usoni pake: "Haki hapana."

"Haki hapana," akasema mmoja.

"Haki hapana," akasema mwingine.

"Haki hapana," akasema Wahu, muuza mayai wa sokoni, sauti kubwa kuliko zote za jukwaa la Magunia. "Nusa vizuri, fundi, nimepiga mswaki juu yako."

"Umekula kitunguu."

"Kitunguu pia kimekatazwa? Ngoja tusome tangazo!"

Wote walikuwa safi, na Abdinasir aliketi mbele karibu na dereva, kanzu imepigwa pasi, akitazama mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia yakipita kana kwamba ameyashona yeye.

Penye mlango wa uwanja wa Bungoma walipokewa na mkaguzi wa kamati, mzee Kimeli, mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Saboti. Alipekua lori. Aliinua turubai, akachungulia chini ya viti, akanusa ngoma. Hakukuwa na chupa, mtungi, debe wala kopo. Kisha akainua macho kwenye bendera, akayaacha huko kwa muda.

"Nani ameshona hizi?"

"Ni mimi, mzee," alisema Abdinasir.

"Kazi safi. Na hiki kitu hapa juu?"

"Hiyo ni mapambo. Ni mfano wa hindi."

Kimeli alishikwa na kikohozi. Aligeuka, akakohoa kuelekea ukutani, mabega yakitikisika, akatoa kitambaa akapangusa macho. "Vumbi," akasema. "Sawa, fundi. Mapambo. Mlango utafunguliwa saa nane. Mtanuswa tena hapa hapa."

Ilikuwa saa sita imepita, na adhana ikasikika kutoka mjini. Mbugua akamshika Abdinasir mkono kwa upole ambao haukuwa desturi yake.

"Enda uswali, ndugu yangu. Pole pole. Usiharakishe Mungu. Sisi tutapumzika kwa shemeji, na bendera tutalinda."

Abdinasir aliswali, akamwomba Mungu Magunia wasifungwe, akaongeza ombi kuhusu pua yake. Baadaye akapita kusalimu wakwe, akala, na aliporudi uwanjani mashabiki wake walikuwa wamejipanga wakimsubiri, wakiwa na nyuso za watu wenye amani na dunia. Katikati yao walisimama mashabiki wa Stesheni FC, wapinzani, mikono mabegani. Miezi michache tu nyuma watu hawa walirushiana mawe.

Alishika bendera iliyokuwa karibu. Ncha ya juu ilikuwa imelowa, na ndevu za hindi zimegandamana.

"Mbona zimelowa?"

"Tumeziosha. Vumbi la barabara."

"Mmeosha mapambo, kitambaa mkakiacha?"

"Kitambaa ni chako, fundi. Tungethubutu?"

Akaanza kunusa. "Haki hapana," walisema mmoja baada ya mwingine, kwa bidii zaidi kuliko asubuhi, na baadhi yao walisema mara mbili. Abdinasir alisimama. Kulikuwa na kitu. Harufu ya bia aliijua, kwa sababu kuna baa njiani anapopita kwenda kununua vifungo. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa chachu, yenye joto, ya nafaka. Alimwona Suad na mchele wake. Akaona mpira wa makaratasi.

"Mbugua. Niambie haki. Mmekunywa nini?"

Mbugua alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alisema kitu kilichokuwa kweli karibu chote. "Wimbi, fundi. Wimbi na mahindi, imechacha kidogo. Mwenyeji amekupikia, utakataa?"

"Uji?"

"Inapikwa kwa sufuria, inakorogwa," alisema Mbugua.

"Na mwiko," aliongeza Wahu.

Abdinasir aliwaza. Uji ni uji. Alimgeukia Kimeli akatamka kwamba watu wake ni safi, na Kimeli, aliyekuwa amesimama upande upepo unakotoka, akafungua mlango.

Mechi iliisha sare ya bao moja kwa moja. Bao la Magunia lilikuwa baya kupindukia: mpira uligonga mwamba, ukagonga makalio ya beki wa Stesheni, ukaingia wavuni ukijikokota. Abdinasir aliliona kwa macho yake mwenyewe, lote, na halikufanana na bao hata moja aliloletewa na Mbugua. Alipiga kelele hadi kofia ikaanguka. Stesheni waliposawazisha, Khaemba aliyekaa pembeni yake alimkumbatia kumfariji, na hakuna jiwe lililorushwa hadi jua linazama.

Suad alimngoja mlangoni. Alimnusa kwenye kanzu, akamnusa mdomoni, akamfanya aseme "haki hapana" kama walivyosema wengine. Alipata vumbi, jasho, na pilau ya mama yake mwenyewe.

"Umepona," alisema. "Na hiyo?"

Abdinasir alikuwa amebeba bendera moja ya kumwonyesha. Suad aliipokea, akaitazama kutoka chini hadi juu, akafika kwenye hindi. Akaisogeza puani. Kisha binti wa Bungoma akakaa chini kwenye kizingiti na kucheka hadi Leila akatoka kuuliza nani amekufa.

"Baba Leila," alisema alipoweza kusema. "Hiki kinakaa chini. Ndani ya mtungi. Babu wa jirani yetu alikuwa na mrija mrefu hivi, akiuhifadhi juu ya dari."

Alimweleza. Abdinasir alisikiliza akiwa amesimama, na kila kilichoelezwa kilikwenda kukaa mahali pake: kikohozi cha Kimeli, upole wa Mbugua, amani ya Stesheni, uji. Akaichukua bendera, akaiegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayekabidhi silaha.

"Basi nimekwisha," alisema. "Nitatazama watoto."

"Nani amekwisha?" Suad alijipangusa machozi kwa ncha ya leso. "Mtu aliyekaa na mirija kumi na minne siku mbili, akaisuka nywele, akaitembeza mji mzima, na hakuonja tone? Wewe pombe haikujui, mume wangu. Wewe nenda popote. Nenda hata Mombasa."

Bendera akaifua yeye mwenyewe, na nyuzi za manjano hakuzitoa.

Mwishoni mwa mwezi kamati ilitoa tangazo jingine, likabandikwa mlango uleule. Lilisema kwamba kwa mujibu wa mkaguzi wake, mashabiki wa Magunia walisafiri hadi Bungoma na kurudi bila chupa, mtungi, debe wala kopo. Kwamba haijapata kuonekana mechi tulivu kama ile. Na kwamba timu zote zinahimizwa kuiga bendera za fundi wa Kitale, ambazo ni nyepesi na haziwezi kumuumiza mtu.

Wiki iliyofuata Stesheni FC walimletea Abdinasir kazi ya bendera ishirini. Walitaka vitambaa na nyuzi za kuning'iniza. Fimbo, walisema, wanazo.