Sauti Mpya ya King'ora cha Kidole

Machimboni walimwita Kidole, na mwenyewe aliitika. Kazi yake ilikuwa kubonyeza swichi. Ukimwambia hiyo si kazi, alikutazama kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akakuuliza wewe huwa unabonyeza nini watu wakapona.

Kabla ya hapo aliponda kokoto kwa nyundo, juani, pamoja na wanawake wengine, mpaka viganja vikawa vigumu kama soli. Ikatokea mzee aliyekuwa akikaa na king'ora akaanza kusinzia kazini. Nyapara akatafuta mtu asiyesinzia na asiyeogopa kumfokea dereva wa lori. Hakutafuta mbali. Kidole alikuwa ameshamfokea nyapara mwenyewe, tena mbele ya watu.

Kibanda chake kilikuwa juu ya kilima. Mabati, dirisha lisilo na kioo, stuli moja, na juu ya paa king'ora chenyewe, kikubwa kama pipa, rangi yake nyekundu imebabuka. Kazi ilikwenda hivi. Baruti ikishapangwa kwenye mwamba, Kidole anabonyeza swichi na kuishikilia. King'ora kinalia, watu wanaondoka. Kikishanyamaza, anainua bendera ya kijani dirishani. Chini, nyuma ya ukuta wa mawe, fundi wa baruti akiiona bendera, analipua. Huyo fundi walimwita Kimya, kwa sababu maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kikombe cha chai. Bila bendera, Kimya halipui hata jiwe la kusugulia miguu.

Na sauti ya king'ora kile! Nzito, inatoka tumboni, kama dume la ng'ombe lililochokozwa. Ng'ambo ya machimbo kulikuwa na kiwanda cha vigae, nacho kilikuwa na king'ora chake cha kuwatoa watu kwenda kula, lakini hicho kililia kwa sauti nyembamba. Nyumba zilizo chini ya kilima hazikuhitaji saa. Ikilia nyembamba, wanawake wenye watu wao kiwandani wanabeba vyakula na kukata njia ya mkato, inayopita chini ya mwamba. Ikilia nzito, njia ile haikanyagwi, hata mbuzi wanavutwa kamba. Mwana wa pekee wa Kidole alikuwa akichoma vigae kiwandani, na mkewe ndiye aliyempelekea chakula.

Machimbo yalikuwa na jenereta lao, kuukuu, likikohoa moshi tangu asubuhi. Kisha nyaya za umeme wa gridi zikafika, na jenereta likazimwa. Fundi wa umeme, kijana mwenye adabu zake, akamwita Kidole ajaribu king'ora. Kidole akabonyeza. Juu ya paa ikatoka sauti nyembamba, ya haraka haraka.

Akatoa kidole kama aliyeungua. "Umekifanya nini? Mbona kinalia kama kimebanwa mlangoni?"

"Hakijaharibika, mama," kijana akasema akifuta mikono. "Umeme huu hauendi moja kwa moja kama maji ya bomba. Unakwenda na kurudi, kama msumeno. Lile jenereta lilikuwa limechoka, likivuta msumeno taratibu. Huu wa gridi unavuta haraka zaidi. Mota ya king'ora inafuata mwendo wa msumeno. Ndani mna gurudumu lenye matundu, ndilo linalokatakata upepo. Likienda polepole, sauti nzito. Likienda mbio, sauti inapanda."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo kilikuwa kinalia kivivu?"

"Si ndiyo maana hata saa ya ukutani ofisini ilikuwa inachelewa kila siku? Inatumia umeme uleule. Sasa haichelewi."

"Saa ni saa. King'ora changu usikifananishe na saa."

Kijana akacheka, lakini si kwa dharau. "Sawa, mama. Ila sasa kimekaribia kufanana na cha kiwandani. Ingefaa upite nyumba za chini uwaambie watu."

Hapo alimgusa pabaya. "Nipite nyumba kwa nyumba nikijitambulisha, kama bibi harusi? Watu wananijua! Mbwa wao wananijua! Hata kikilia puani, watasema huyo ni Kidole."

Basi. Nyapara akabandika tangazo dukani, akaona amemaliza kazi. Karatasi ile ikafunikwa na tangazo la sabuni kabla gundi haijakauka, na hata isingefunikwa, wengi wa pale hawakusoma maandishi, waliangalia picha tu.

Jioni ile Kidole alikaa kizingitini, mkwewe akikung'uta mkeka uani. Huyu mkwe alikuwa mpole, na Kidole hakuuamini upole, alidhani ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Mkwe akasema tu, bila kugeuka:

"Mama, leo kiwandani wamelia mara mbili. Sijui wana nini."

Kidole akajua ile ya pili ilikuwa ya nani. Maneno yakamjia mpaka kwenye meno. Ilitosha kusema, ile ni yangu, imebadilika. Lakini kusema hivyo ni kukubali kwamba mkwe wake wa ndani, anayekula naye sahani moja, amekisikia king'ora chake na hakukijua. Akameza.

"Wana wazimu," akajibu, na kuingia ndani.

Siku ya kulipua ilipofika, Kimya alipanga baruti kwenye mwamba wa upande wa njia. Jua lilikuwa karibu kufika utosini, bado kidogo saa ya kula ya kiwandani. Kidole akabonyeza, akashikilia. Sauti nyembamba ikapita juu ya mabati ya watu. Wapondaji kokoto waliokuwa machimboni wakaondoka, maana wao hawakuhitaji sauti, walikuwa wameiona baruti kwa macho. Akaachia. Gurudumu likazunguka likichoka, likanyamaza. Akainua bendera ya kijani, mkono umenyooka kama mti wa uzio, macho kwa Kimya. Njia hakuitazama. Hakuwa na desturi ya kuitazama, kwani sauti ndiyo iliyokuwa ikiifagia.

Kimya akainama.

Pembeni ya jicho lake, Kidole akaona kitu cha manjano kinakwenda upesi chini ya mwamba. Kitambaa cha kichwa. Na chini ya kitambaa, hotipoti ya bluu, ile aliyoinunua mwenyewe, ile yenye mfuniko uliopasuka.

Kupiga kelele hakukumjia, na kelele isingefika. Mkono wake ukafunguka. Bendera ikadondoka nje ya dirisha, ikajigonga kwenye mabati, ikaviringika mpaka kwenye majani. Tangu aanze kazi alikuwa hajawahi kuiangusha bendera. Akashika fremu ya dirisha, asijue kama Kimya ametazama juu au bado ametazama mikono yake.

Kimya alikuwa ametazama juu. Ndivyo alivyofundishwa, kutazama bendera mpaka mwisho kabisa. Akasimama wima, mikono yote miwili hewani, watu waione.

Mkwe alisimamishwa njiani na nyapara, akaletwa juu ya kilima akihema, hotipoti ameikumbatia.

"Mbona mnanikamata kama mwizi? Nimechelewa, kiwandani wameshalia."

"Waliolia si kiwandani," Kidole akasema.

"Mama, chako si kile kizito?"

Mkwe akatazama mwamba, akaziona nyaya za baruti zinashuka mpaka karibu na alipokuwa akipita. Akaketi chini, pale pale kwenye changarawe, na upole wote ukamtoka. "Juzi nilikwambia wamelia mara mbili. Nilikwambia, mama! Ukanijibu wana wazimu!"

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua, na nikanyamaza." Kidole akaketi naye kwenye changarawe. Hakuomba radhi, alikuwa hajui inaanzia wapi. Akamshika kifundo cha mguu, akakishikilia kama anayeshikilia swichi, na mkwe akakiacha kishikiliwe.

Mlipuko ukaahirishwa. Nyapara akaanza habari za tangazo kubwa zaidi, lenye herufi nyekundu. Kimya, aliyekuwa amepanda kilima kuirudisha bendera, akafungua mdomo. "Kikate," akasema. Wakamtazama. "Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kipande, kishuke. Kiwandani hawafanyi hivyo." Kisha akafunga mdomo, na nadhani alipumzika mpaka mwisho wa mwezi.

Alasiri hiyo hiyo Kidole akajifunga khanga kiunoni na kushuka. Mkwe akafuata nyuma, bila kuitwa. Mlango wa kwanza, Kidole akaanza kueleza habari za msumeno na gurudumu, mwenye nyumba akabaki anapepesa macho.

"Mama, watu hawataki gurudumu," mkwe akasema. "Waonyeshe kinavyolia."

"Nikionyeshe na nini?"

"Na mdomo."

Kidole akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Halafu akavuta pumzi. "Wuuuuiiii," akalia, akishusha, akipandisha tena, "wuuuuiiii." Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Akaenda mlango wa pili, akalia. Wa tatu, akalia. Waliomcheka aliwaacha wacheke, ila kila mmoja alihakikisha ameitoa sauti ile kwa mdomo wake mwenyewe, wazee kwa vijana, ndipo aondoke.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke waliyewahi kuponda naye kokoto, wakagombania kivuli, wakanuniana mpaka nywele zikawa mvi. Huyo hakuwa na mtu wa kiwandani. Alikuwa na mbuzi, na mbuzi walipenda majani ya chini ya mwamba. Mkwe akanong'ona kwamba kwa huyu wangeweza kumtuma jirani.

"Hapana," Kidole akasema, na kubisha hodi.

Mwanamke akatoka, mikono kiunoni. "Kumbe kelele zote hizo mtaani ni wewe. Nikadhani kuna mgonjwa."

"King'ora kimebadilika sauti," Kidole akasema. "Kinafanana na cha kiwandani. Niliambiwa nije niwaambie, nikakataa, mkwe wangu akaponea chupuchupu. Ukisikia hivi, zuia mbuzi." Akalia mara moja, kwa pumzi iliyobaki.

Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, uso hautikisiki. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Rudia."

Kidole akarudia.