Wimbo Wetu wa Kufukuza Ndege

Jumapili iliyopita kile kikundi cha wamisionari wanaoimba kilipita hapa Uvira, mdogo wangu wa kike akiwa ndani yake, na mpaka leo roho yangu haijatulia. Nakueleza weye, juu wengine mtaani wanafikiri nina furaha. Jirani alinipongeza sokoni, mbele ya wauza samaki wadogo, ndagala: "Mdogo wako anaimba kama redio!" Nikacheka. Meno tu ndiyo yaliyocheka.

Ili unielewe, turudi kwanza Lubarika. Nyanya yetu alikuwa na shamba la mpunga kule, na kila mpunga ulipoanza kutoa masuke, mama alitupandisha kwenye lori, mimi na mdogo wangu, twende kufukuza ndege. Ni kazi ya watoto. Wale ndege wadogo wanashuka kama vumbi, na ukisinzia kidogo wamekula sahani yako. Nyanya alimweka kila mmoja kwenye pembe yake, matope mpaka magotini, na alitukataza kupiga kelele ovyo. "Ukipiga kelele, saa nne sauti imekwisha. Imba! Ya kuimba inafika jioni."

Basi tuliimba. Mimi nilianzisha, kwa sauti ya juu, kutoka upande wa mfereji. Mdogo wangu akajibu kutoka upande wa barabara. Ndege waliruka kutoka kwangu kwenda kwake, wakarudi kwangu, hawajui watue wapi. Wimbo huo niliutunga mimi. Maneno yake yalikuwa matusi matupu, kwamba mama ya ndege hajui kupika. Mchana tulikula mihogo ya kuchemsha na ndagala wa kukaanga, mikono bado inanuka tope, na nyanya aliniongezea mimi samaki, juu mwanzishaji anachoka zaidi. Mdogo wangu alinuna. Nilikula polepole ili aone vizuri.

Kwa kanisa, sisi ni Wamormoni, kama watu wanavyotuita. Nilikuwa bado shule ya msingi siku kikundi kama hicho kilipokuja kwetu mara ya kwanza: vijana wamisionari, mashati meupe, kibao cha jina kifuani, wanatoka mji huu kwenda mji ule wakiimba. Ndani ya kanisa palijaa, tukasikilizia nje dirishani. Mwalimu wa kwaya akanishika bega: "Weye, siku moja utasimama pale mbele." Aliniambia mimi. Mdogo wangu alikuwa pembeni anatafuna muwa.

Nilimaliza sekondari, nikapata dipulome, nikaanza kujitayarisha kwa misheni, ule utumishi wa vijana wetu wa kuhubiri mbali na nyumbani. Halafu mimba. Msichana mwenye mimba haendi misheni, anaenda kwa bwana. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda, na haikuchukua muda akampigia mama simu: wamemchagua katika kikundi. Mama alilia kwa furaha nyumbani kwangu, nami nimeinama nafua nepi.

Jumapili aliimba vizuri. Hiyo ndiyo inayoniuma. Angeimba vibaya, ningempenda siku ile. Mtoto wangu akaanza kulia, nikatoka naye, na nikajikuta tena dirishani, umri huu wote.

Baadaye alikuja nyumbani kwa mama kula. Alikuja na mwenzake, juu misionari hatembei peke yake, hata kwa mama yake. Mama, aliyemzaa, akamwita "Dada", kama wamisionari wa kike wanavyoitwa kwa heshima, kama mgeni. Bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki mikeke wa kuchoma nilipika mimi. Walipomaliza, mdogo wangu akanifuata jikoni, mwenzake akabaki mlangoni.

"Yaya," akaniita, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "ule wimbo wa mpunga. Nimewaimbia wenzangu, wameupenda sana. Tunataka kuuimba kule mji wa Baraka. Lakini mwanzo umenipotea."

"Umekupotea aje? Si ulikuwa pale?"

"Mwanzo ulikuwa wako. Minye nilikuwa najibu tu."

"Na mtaimba kanisani eti mama ya ndege hajui kupika?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Maneno tutabadilisha. Nipe tu sauti, yaya."

Nipe tu. Kama anaomba chumvi. Nilikuwa nayo mdomoni, yote, kuanzia ile ya juu kabisa. Nikaangalia blauzi yake nyeupe isiyo na doa, nikaangalia kitenge changu chenye maziwa.

"Nimesahau," nikamwambia.

"Weye? Usahau?"

"Niko na mtoto. Mambo ya ndege nitayaweka wapi?"

Alijua. Akashukuru kwa chakula, wakapanda gari lao, wakafuata barabara ya ziwa kwenda Baraka bila mwanzo.

Useme nina wivu. Ninao. Misheni amepata, mashati meupe amepata, machozi ya mama amepata. Hata hilo nalo nimpe?

Juzi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Lubarika. Nyanya alishafariki, wajomba waliuza shamba, na sasa pale watu wanachimba udongo wa matofali. Hakuna suke hata moja, na ndege hawana la kufuata. Nikasimama upande wa mfereji, mtoto mgongoni, nikaanzisha. Sauti bado iko, nakuapia, haikutetemeka. Wachimbaji waliinua vichwa, wakarudia kazi yao. Nikaendelea mpaka pale ambapo mwanzishaji ananyamaza ili mwingine ajibu.

Nikanyamaza. Upande wa barabara malori yalikuwa yanapita tu.