Jiwe Juu ya Faranga

"Mama Kasoki, dola yako iko na kidonda! Siikamati."

"Kidonda kiko wapi, papa? Unatafuta dola ao unatafuta bibi harusi?"

Kasoki, muuza chai wa barabara ile ya Goma, alimjua kambiste huyo, mbadilisha fedha wa kando ya njia. Dola huipitishia ukucha ukingoni, huinusa, huiinua juani, na ikiwa na mpasuko mdogo kama jino la panya, anaikataa. Lakini faranga, hata ioze namna gani, huibandika utepe wa skochi, huipanga kwenye fungu, na juu yake huweka jiwe jeusi la volkano, upepo wa ziwa usimpore. Tangu benki zifungwe, faranga mpya haziji, na watu humwekesha yeye akiba zao.

"Basi nilipe deni la chai, hata kwa zilizooza, nikanunue sukari," alisema Kasoki, akalinyanyua jiwe mwenyewe. Chini ya faranga moja ya juu, fungu zima lilikuwa magazeti yaliyokatwa.

Ile mikono yenye kuhesabu kushinda mashine ilimshika Kasoki mkono. "Funika, mama," kambiste alinong'ona. "Wakiona, wote watadai zao leo hii. Wataniua."

Kasoki alitazama foleni ya wateja nyuma yake. Akarudisha jiwe, akalikandamiza kwa mikono miwili.

"Aksanti, papa!" akapaza sauti. "Deni la chai ya juma zima umelilipa lote. Tumemalizana!"

Akaondoka haraka, ngumi ameifumba, ndani hamna hata faranga.