Si Vumbi, Mama

Saa mbili asubuhi, kabla chai haijapoa, simu ya kwanza inaita. Mwanamke mwenye miwani anavaa hedifoni. "Huduma kwa wateja, habari za asubuhi?"

Mwanamume wa upande wa pili anafoka. Mtandao umekufa, ana kikao, kampuni nzima ni wezi. Mwanamke anamwacha mpaka aishiwe pumzi.

"Pole sana, kaka. Chomoa waya wa umeme wa kile kiboksi cha mtandao, upulize vumbi kwenye kichwa cha waya, kisha uchomeke tena."

Halafu sauti iliyonywea: "Aa... imewaka."

Waya haukuwa umechomekwa kabisa. "Ukimuuliza mtu kama amechomeka, umemtukana," anasema huku akicheka. "Lakini vumbi ukilisingizia halikasiriki."

Wenzake katika chumba hiki cha madawati manne wanamwita Zima-Washa, maana hilo ndilo jibu lake kwa karibu kila kitu. Kwa miaka saba ametukanwa, ameombewa dua, hata ameposwa na mtu aliyesahau nenosiri. Mteja mmoja alitaka arudishiwe picha za harusi alizozifuta kwa hasira. "Picha zilirudi," anasema. "Ndoa sijui."

Tatizo ni jioni. Anaishi na mama yake, na anakiri kwamba akifika nyumbani uvumilivu wote umeishia kazini. "Mama akiniuliza jambo la simu, namnyang'anya, nabonyeza, namrudishia. Hata kumweleza simwelezi."

Saa nne simu inaita tena. Mwandishi wa makala haya, aliyepewa hedifoni ya pili, anasikia sauti ya mama mtu mzima. Zima-Washa anakaa wima.

"Mama? Mbona hukupiga kwenye simu yangu?"

"Ile ukipokea unafoka. Nimesikia hapa mnaongea na watu vizuri. Mimi ni mteja, nihudumie."

Dada yake mama amelazwa mji wa mbali na leo hii anaingizwa chumba cha upasuaji. Wanapigiana simu za video tangu jana.

"Mimi namwona, yeye anaona giza tu. Anadhani nimeficha uso nalia. Jana nilikuuliza, ukasema nisubiri umalize kula. Ukalala."

Zima-Washa anaanza kwa sauti yake ya kazini: "Pole sana, mama. Chukua kitambaa laini, ufute vumbi hapo juu ya..."

Anavua miwani.

"Si vumbi, mama. Kuna kipande cha plasta juu ya kioo, hapo katikati, kimeziba kamera. Nilikibandika mimi mwezi uliopita, kwa kuogopa matapeli wa mtandaoni. Sikukwambia. Nisamehe."

Inasikika kucha ikikwangua.

"Kumbe! Nilidhani simu ilizaliwa nacho." Mama anacheka, kisha anashusha sauti. "Asante, binti. Mama yako ana bahati." Anakata.

Zima-Washa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio na kupokea wateja wengine. Kabla ya adhuhuri, mama anapiga tena kutoa taarifa: "Ameniona. Kasema nimezeeka. Ameingia huko ndani anacheka."

Mwandishi anamuuliza Zima-Washa ana mpango gani. Hataji cheo wala kazi nyingine.

"Jioni, mama mkubwa akishazinduka, tutampigia. Atakayebonyeza ni mama, hata ikichukua usiku mzima," anasema. "Mimi nitakalia mikono yangu."