Msimamo Mkali wa Fundi Bei Moja

"Mtaa mzima huu, mwenye msimamo mkali kuliko wote ni mimi!"

Mjomba wangu, fundi cherehani, alitamba hivyo mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, mbele ya watu wanaotafuta viatu vyao. Aliyemuuliza ni dada mmoja mtafiti wa chuo kikuu, mwenye fomu na kalamu. Swali la saba: msimamo wako ni wa wastani au mkali? Dada akatia alama, akashukuru, huyo akaenda. Watu wakacheka, maana mjomba tunamwita Bei Moja. Ukimwomba apunguze, anakurudishia kitambaa chako kimekunjwa vizuri.

Miezi minane baadaye utafiti ukatoka. Gazeti likaandika kwamba nusu ya waumini waliohojiwa wana msimamo mkali, "akiwemo fundi aliyejitangaza hadharani." Redioni wataalamu watatu wakatujadili asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushonesha suruali mtaani kwetu.

Tulicheka mpaka alipokuja mwalimu mkuu. Sare mia mbili za shule yake, elfu kumi na mbili kila moja, ndizo kazi ya mjomba ya mwaka mzima.

"Fundi, wazazi wanauliza maswali. Tusimamishe kwanza."

Mjomba alivua tepu shingoni, akaitia mfukoni, akaenda chuoni kumtafuta yule dada.

"Binti yangu, uliniuliza msimamo. Hukuniuliza wa nini."

"Lakini mzee wangu, fomu nzima ilikuwa ya dini."

"Mimi nilikuwa nimetoka kubishana na mteja! Umechukua bei yangu ukaiita dini yangu."

Yule dada, tumpe haki yake, hakujitetea zaidi. Alirudi mtaani akawauliza wote upya, safari hii akiongeza: mkali kwenye nini? Mmoja alikuwa mkali kwa wanaochelewa vikao. Mwingine kwa mwanawe asiyeshika daftari. Akaandika barua ya masahihisho. Gazeti likaibana chini ya tangazo la magodoro; redio haikuwa na nafasi.

Mwalimu mkuu aliiona. Labda alikuwa anatafuta godoro. Akaja na majora ya kitambaa begani.

"Yaishe, Fundi. Ila baada ya maneno yote haya, si utatupunguzia kidogo?"

Mjomba akairudisha tepu shingoni.

"Sare moja, shati na kaptura, elfu kumi na mbili."